Mkono Ulioachwa Kiwandani

Baba aliniambia siku ya Jumapili, tukiwa wawili tu jikoni kwake Machakos. Nilikuwa nikimpunguzia suruali kiunoni, maana alikuwa amekonda tangu moyo uanze kumsumbua. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nimeshikilia pini kwa midomo, siwezi kusema kitu, na nadhani ndiyo sababu alichagua wakati huo.

"Mwende," akasema, "mimi ndiye niliyewasha ile mashine."

Nilitoa pini nikamuuliza mashine gani. Akaeleza polepole, akitazama dirishani.

Watu wengi wa nyumbani kwetu wanajua kwamba baba alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda, Nairobi. Enzi hizo marobota ya pamba yalifika kwa malori kutoka magharibi na pwani, yakaingia kwa mlango mmoja, na kwa mlango wa pili yakatoka mashuka na kitambaa cha sare za shule. Baba alikuwa fundi wa zamu katika idara ya kuchana pamba, ambako kulikuwa na mashine zenye ngoma kubwa iliyojaa meno ya waya. Siku moja mashine ilikwama ikazimwa. Mfanyakazi mmoja wa Kakamega, jina lake Lihanda, akaingiza mkono kutoa pamba iliyosokotana. Wakubwa walikuwa wakipiga kelele juu ya oda iliyochelewa. Baba akabonyeza swichi bila kuchungulia upande wa pili.

Mkono wa kulia wa Lihanda ulikatwa hospitalini, chini kidogo ya kiwiko. Meneja alitaka maelezo kwa maandishi, na baba akaandika kwamba Lihanda alikuja kazini amelewa, akatia mkono katika mashine inayozunguka. Lihanda akafukuzwa. Baba akabaki, na baadaye akapandishwa cheo. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Leo nina arobaini na mmoja.

"Daktari amenikataza safari ndefu," baba akasema. "Nenda wewe. Nasikia anauza mitumba Shinyalu, kwao Kakamega. Mwambie ni mimi."

"Na akinifanyia kitu kibaya?"

 Baba aliomba nimvulie ile suruali, ilikuwa imembana.

Jumanne asubuhi nilifika Nairobi, na kabla ya kupanda basi nikapita mahali kiwanda kilipokuwa. Nilitaka kupaona. Jengo bado lipo, paa lile lile la meno ya msumeno, lakini sasa ni ghala. Lori lilikuwa langoni likishusha nguo kuukuu za ng'ambo, mitumba iliyofungwa kwa plastiki na mikanda, kila mmoja na uzito wa mtu. Askari wa lango, mzee mwenye koti refu, aliniona nimesimama.

"Hapa palikuwa kiwanda cha nguo," akasema. "Nguo za nje ziliporuhusiwa kuingia kwa wingi, hakikudumu. Walianza kwa kupunguza zamu ya usiku, kisha ya mchana. Sasa tunalinda hizo hizo zilizokifunga."

Nilimuuliza idara ya kuchana pamba ilikuwa wapi. Akanionyesha kona ya mwisho, ambako vijana walikuwa wakipanga mitumba hadi karibu na dari. Niliitazama ile kona hadi askari akanigeukia.

"Ulikuwa na mtu wako hapa?" akauliza.

"Baba yangu."

"Jina lake nani? Mimi niliwajua wengi."

Nilimwambia nimechelewa basi, nikaondoka karibu nikikimbia. Nilikuwa sijafika popote na tayari nilikuwa nimeshindwa kulitaja jina la baba.

Kutoka Nakuru kwenda mbele mvua ilitufuata. Tulipita Kapsabet, tukateremka Chavakali kukiwa na ukungu, kisha Sigalagala, ambako wanafunzi wa politekniki walikuwa wamejikinga mvua chini ya mabaraza ya maduka. Kila kituo nilikuwa nikijiambia nishuke nirudi. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga: jina langu, jina la baba, ombi la msamaha. Kadiri tulivyokaribia ndivyo yalivyozidi kunipotea, hata tulipofika Khayega, saa kumi na moja jioni, nilikuwa sikumbuki neno la kwanza.

Khayega nilipanga chumba kwa mama mmoja aitwaye Phanice, mjane mwenye nyumba ya wageni nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia mahindi. Aliniletea chai na kuketi nami.

"Umekuja kazi gani, mama?"

"Kutafuta nguo," nikadanganya. "Nasikia kuna mzee anaitwa Lihanda, Shinyalu, anachagua nguo nzuri."

"Lihanda wa mkono mmoja. Huyo ni mtu mpole sana. Anauzanga kila siku ya soko, kesho utampata." Akakoroga chai yake. "Lakini usiulize habari ya mkono. Ako na kijana, Shimuli, anapakianga miwa kwa malori. Kuna mtu alimuita babake mlevi wa mashine, hapo tu barabarani. Shimuli alimtoa meno matatu."

"Kwa neno hilo tu?"

"Kwa hilo neno tu," akasema Mama Phanice, akainuka kuangalia moto.

Chai ilinishinda. Niliingia chumbani, nikasukuma meza ikazuia mlango, nikakaa kitandani nikiwa bado nimevaa viatu.

Asubuhi ya Jumatano nilichukua boda boda kwenda Shinyalu. Njia ilikuwa imeoshwa na mvua, mahindi upande huu, chai upande ule, na mbele kabisa mstari mweusi wa msitu. Soko lilikuwa limejaa. Nilimtambua Lihanda kabla sijaonyeshwa. Alikuwa ameketi juu ya kigoda mbele ya turubai, mzee mwembamba aliyevaa koti la suti, mkono wa kulia wa koti umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alikuwa akifungua mtumba mpya. Alikata mkanda kwa kisu kidogo, akashika plastiki kwa meno, akaipasua kwa mkono wa kushoto, na nguo zikafura zikamwagika kama zilikuwa zimebana pumzi tangu Ulaya.

Nilijifanya mnunuzi. Nikaokota shati.

"Hiyo ni pamba tupu, madam," akasema. Kisha akashika sketi bila kuiangalia, akaisugua kwa vidole viwili. "Hii imechanganywa. Ukipiga pasi moto itakunjamana kama karatasi."

"Umejuaje?"

"Nilifanya kiwandani, Nairobi. Tulikuwa tunachana pamba inakuwa laini kama moshi. Mtu akishika pamba miaka tisa, vidole havisahau."

Nilibaki pale kwa sababu nilishindwa kuondoka. Alinisimulia namna alivyorudi nyumbani bila kazi, akaanza na mtumba mmoja aliogawana na shemeji yake. Watu wa Shinyalu waliogopa nguo zile. Walisema ni za wazungu waliokufa, na akina mama walizichemsha mara mbili kabla ya kumvalisha mtoto. Walikuwa wamezoea kununua kitambaa kipya kwa Mhindi mjini Kakamega na kukipeleka kwa fundi. Kisha kitambaa kikapanda bei, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na wale wale waliokuwa wakimcheka wakaanza kuja turubaini kwake.

"Kiwanda kilifukuza mimi kwanza," akasema. "Halafu hizi nguo zikafukuza wenzangu wote. Wengine walikuja mpaka hapa, kuniuliza mtu anaanzaje."

Aliona macho yangu yamekwenda kwenye mkono wa koti.

"Angalia tu, madam, kila mtu huangalia. Ni pombe ilinikata. Tangu siku hiyo sijaonja tena. Lakini niliacha nikiwa nimechelewa siku moja."

Sikuwa nimejiandaa kwa jambo hilo. Njia nzima nilikuwa nimemwogopa mtu mwenye hasira, anayejua alivyoonewa. Haikunijia hata mara moja kwamba aliuamini ule uongo. Nilisikia baridi ya kweli, katikati ya soko lenye jua. Nilifikiri: nikinyamaza sasa, nikanunua shati hili, nikapanda basi, hakuna atakayejua.

Nadhani aliniona nimebadilika uso, kwa kuwa aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akamwachia jirani yake turubai, akaniambia mgeni kutoka mbali hawezi kurudi na njaa, mke wake amepika.

Saa saba tulifika kwake, nje ya Shinyalu, karibu na ukingo wa msitu. Mkewe, jina lake Khasiala, alitupokea kwa salamu ya "mulembe" na kunawisha mikono yetu. Kulikuwa na obusuma, yaani ugali, na ingokho, kuku wa kienyeji, na walinipa firigisi, heshima ambayo sikuweza kuikataa wala kuimeza. Nje, kando ya zizi, mwanamume mwenye mabega mapana alikuwa akikatakata majani ya ng'ombe kwa panga. Sikuhitaji kuambiwa kuwa ndiye Shimuli. Kila panga lilipogonga gogo nilishtuka.

"Mbona huli?" Mama Khasiala akauliza. "Ama hapana zoea chakula yetu?"

Niliweka firigisi kwenye sahani. Nikasema, "Mzee, sikuja kununua nguo. Siku ile hukuwa umelewa. Mashine ilikuwa imezimwa, na mtu mwingine akaiwasha ukiwa umeingiza mkono. Aliyeiwasha ndiye aliyeandika kwamba ulikuwa mlevi."

Nje panga likanyamaza.

"Rudia," Lihanda akasema.

Nilirudia. Alinisikiliza akitazama mdomo wangu kama mtu asiyesikia vizuri.

"Jana yake tulikunywa," akasema, si kwangu. "Harusi ya mwenzetu. Niliamka hospitalini, siku yenyewe sikuwa nayo kichwani hata kidogo. Hata asubuhi yake. Wakanisomea karatasi. Nilisema kama ni Mutiso ameandika basi ni kweli. Mutiso alikuwa mtu mzuri kwangu."

"Mutiso ni baba yangu," nikasema.

Mama Khasiala alisimama. "Miaka sita," akamwambia mumewe. "Miaka sita nilikaa kwetu na watoto. Nilisema siwezi kaa na mtu alijikata mkono kwa pombe. Na wewe ulikuwa unakuja kila mwezi kuniomba msamaha." Alijaribu kukusanya sahani, zikamshinda, akaziacha akatoka nyuma ya nyumba. Tulisikia amekaa chini ukutani. Hakulia kwa sauti.

Shimuli alikuwa mlangoni, panga mkononi, limejaa maji ya majani. Alikuwa amesikia yote. Alinitazama mimi lakini akamuuliza baba yake, "Nifanye nini?"

 Nilihesabu madirisha mawili na mlango mmoja, na mlango alikuwa ameuziba Shimuli. Nikatoa simu, nikasema ninaweza kumpigia baba sasa hivi, aseme mwenyewe.

"Simu hapana," Lihanda akasema. "Mtu anaweza kusema chochote kwa simu. Na wewe hukuwako, ulikuwa mtoto. Sitaki kusikia kwako." Kisha akamwambia mwanawe, "Weka hiyo panga chini. Peleka mgeni Khayega."

Saa tisa hivi nilikaa nyuma ya pikipiki ya Shimuli, nikishikilia chuma cha nyuma ili nisimguse.  Mahali ambapo njia inapita kando ya msitu, hakuna nyumba wala mtu, alipunguza mwendo, akasimamisha pikipiki, akazima injini. Nilishuka bila kuambiwa. Nilitazama miti nikafikiri nikikimbia nitafika wapi na viatu hivi. Niliwaza watoto wangu wawili, nikawaza kwamba Mama Phanice hajui hata jina langu.

Shimuli alibaki ameshika usukani, mgongo wake kwangu.

"Hii kijiji yote iliamini," akasema. "Mama, kanisa, yeye mwenyewe. Mimi pekee nilikataa. Nilikuwa napigana na watu na sikuwa na sababu, nilikuwa nakataa tu. Baba alikuwa ananichapa kwa hiyo, ananiambia nikubali kwamba babangu alikuwa mlevi."

Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Sikujua la kumwambia, na bado nilikuwa ninamwogopa, hata nilipoelewa kwamba anatoa machozi. Akajifuta kwa mkono wa shati, akawasha pikipiki, akasema, "Panda."

Alhamisi asubuhi, saa moja kasoro, nilikuwa kituoni Khayega nikingoja basi wakati Lihanda alipofika na Shimuli. Alikuwa amevaa lile koti la suti, na tai, na mkoba mdogo begani. Aliingia basini, akaketi kiti cha kando yangu.

"Nimekuja nimwone akisema," akaeleza. 

Nilimpigia baba tulipoteremka kwenda chooni Nakuru. Nilimwambia nakuja na yeye. Nikaogopa moyo wake.

"Nivae nini?" baba akauliza.

Saa zote zilizobaki nilimchunguza mzee aliyekuwa kando yangu. Mkoba wake ulikuwa mapajani, na nilijiuliza kuna nini ndani, na nikaona aibu kwa kujiuliza. Mara moja tu alinisemesha, tulipopita Eneo la Viwanda. Nilimwonyesha lile paa la kiwanda kwa kidole. Alilitazama hadi likapotea nyuma ya majengo mengine, kisha akasema, "Nilidhani ni kubwa kuliko hivyo."

Machakos tulifika jua likizama. Baba alikuwa ameketi nje kwenye kiti, amevaa ile suruali niliyompunguzia na shati jeupe. Alisimama kwa shida. Nilisogea karibu naye, sijui ni nani niliyetaka kumkinga, na kutokana na nini.

"Mutiso," mgeni akasema.

"Lihanda."

Hawakupeana mikono. Lihanda alivuta kiti akaketi mbele yake, magoti yakikaribiana.

"Sikuja kwa habari ya kusamehe. Hiyo nitaiangalia nikiwa kwangu. Nimekuja unipe ile siku, mimi sina. Anza asubuhi."

Baba alinitazama, mimi nikatazama chini. Alifunga macho.

"Ulikuja mapema," akasema. "Ulikuwa na koti la kijani. Ulikuwa unaimba."

"Nikiimba nini?"

"Wimbo wa kanisa, wa lugha yenu. Nilikuuliza mbona una furaha, ukanionyesha barua. Ulikuwa umeisoma langoni. Ulisema mke wako amekuandikia ana mimba."

Lihanda aliinua mkono wake mmoja, kama anayemsimamisha mtu barabarani, na baba akanyamaza. Ulipita muda kabla mkono haujashuka.

"Ni huyo Shimuli," akasema. "Khasiala husemanga aliniandikia. Mimi humwambia barua haikufika."

"Ilifika. Ulinisomea."

"Endelea."

Baba akaendelea. Alieleza chai ya saa nne, nani alikaa wapi, mashine ilipokwama, meneja aliposimama. Alipofika kwenye swichi sauti ilimkatika, akasema hawezi. "Endelea," Lihanda akarudia, bila ukali, na baba akasema yote, mahali alipokuwa, kidole alichotumia, alichosikia. Akaeleza pia karatasi, na kwamba hakuna aliyemlazimisha kuiandika vile. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisikia mambo juu ya baba yangu ambayo siwezi kuyasahau, na sitayaandika hapa.

Nilikuwa nimeondoka nikidhani nimebeba ombi la msamaha, na kwamba kitu cha kuogopa kilikuwa ni jibu lake. Nilichojifunza ni kwamba mtu aliyeibiwa siku nzima ya maisha yake huitaka hiyo siku kwanza, pamoja na sehemu zake mbaya, na ni yule aliyeichukua tu anayeweza kuirudisha. Baba hajapona hofu yake. Bado huniuliza kama kuna ujumbe kutoka Shinyalu, na ninamwambia hakuna.

Mgeni wetu alilala kwangu, na asubuhi, kabla ya kumsindikiza kituoni, aliniomba nimpigie mke wake. Simu yake haikuwa na chaji. Nilimshikia yangu sikioni ili aweze kuvaa koti.

"Khasiala," akasema. "Barua ilifika." Akasikiliza. "Ndiyo. Siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeisoma."